Tezi dume: kisu, mionzi, au kusubiri huku napimwa?

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa miaka 66, mwalimu mstaafu wa skuli, naishi Wete, Pemba. Nina sukari na presha kwa muda mrefu, zote nazimezea vidonge na zimetulia.

Mwaka jana nilianza kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, na mkojo wenyewe unatoka kwa kujikamua. Nikadhani ndio uzee. Binti yangu ni muuguzi, akanikalia kooni mpaka nikapima. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikaja 9.4. Nikavuka Unguja, kisha Dar es Salaam, nikapigwa picha ya MRI, nikachukuliwa vinyama 12 vya tezi vikachunguzwe. Vitatu, vyote vya upande wa kulia, vikakutwa na saratani. Kwenye karatasi wameandika Gleason 3+4=7. Daktari akasema bado imo ndani ya tezi, haijatoka nje.

Daktari huyo ni mpasuaji, na kwa maoni yake bora tezi yote itolewe. Mionzi aliitaja kwa haraka haraka tu, na mimi nilikuwa nimeshaduwaa, sikuuliza kitu.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Kijana wangu yuko Muscat, anasema nisiguswe huku, atanipeleka India na pesa anazo. Kaka yangu hataki kusikia habari ya kisu. Anasema saratani ikiguswa na chuma inatawanyika, na ananitajia jirani yetu aliyepasuliwa, hata miezi sita haikufika tukamzika. Yeye ananiletea miti ya kuchemsha ninywe asubuhi na jioni. Binti yangu anasema nimsikilize daktari.

Kufa nitakufa siku yangu ikifika. Yananinyima usingizi mambo mawili mengine. Nimesikia ukitolewa tezi mkojo unavuja bila ya kujijua. Mimi ni mtu wa msikitini, na imamu akiwa hayupo mara nyingi nasalisha mimi. Nitasali vipi na nguo haina tahara? La pili naona haya hata kuliandika. Mke wangu ana miaka 51 na mambo ya unyumba bado tunayo, Alhamdulillahi. Yeye nimemwambia nina uvimbe wa tezi tu. Neno saratani sijalitamka mbele yake.

Daktari anasubiri jibu langu. Nifanye nini?

Maalim, Wete

*

Waalaykum salaam, Maalim, na pole sana kwa mzigo huu uliokuwa ukiubeba peke yako.

Naanza na hilo la mwisho, la daktari kusubiri jibu. Mwache asubiri kidogo. Saratani yenye alama kama zako kwa kawaida huenda polepole, na ukichukua miezi miwili kuuliza na kufikiri huipotezi nafasi yako ya kutibiwa. Tena wapasuaji wenyewe baada ya kuchukua vinyama huwa wanangoja wiki kadhaa tezi ipoe ndipo waiguse. Kwa hiyo muda unao. Utumie.

Ile karatasi uliyotoka nayo ina habari njema kuliko ulivyoisoma siku ile. Gleason ni alama anazotoa mtaalamu wa maabara akitazama kinyama kwa darubini. Namba ya kwanza ni ya chembe zilizo nyingi zaidi, ya pili ni ya zinazofuatia. 3 ndiyo tulivu, 5 ndiyo kali, na jumla huanzia 6 mpaka 10. Wewe una 3+4, maana yake sehemu kubwa ni ile tulivu na kuna kiasi cha ile inayoanza ukorofi. Ingekuwa 4+3 jumla ni hiyo hiyo 7, lakini mazungumzo yangekuwa mengine. Ongeza kwamba PSA iko chini ya 10, vinyama vilivyoguswa ni 3 katika 12, na picha inaonyesha haijavuka ganda la tezi. Madaktari huita hiyo hatari ya kati, tena upande wake wa nafuu. Kama hawajakupiga picha ya mifupa usidhani wamekusahau. Kwa alama hizi mara nyingi haihitajiki.

Na mtu wa alama zako ana njia tatu, Maalim. Kutolewa tezi. Kupigwa mionzi. Na ya tatu, ambayo naona hakuna aliyekutajia, ni kufuatiliwa kwa karibu: huguswi kwanza, unapimwa PSA kila baada ya miezi michache, unarudia picha na vinyama kwa vipindi, na ikionekana imeamka ndipo unatibiwa.

Hapa ndipo nataka utulie unisome vizuri. Uingereza ulifanyika utafiti uitwao ProtecT. Wanaume 1,643 wa miaka 50 hadi 69, wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, waligawiwa kwa bahati nasibu njia hizo tatu, kisha wakafuatwa miaka 15. Majibu yalitoka 2023. Waliokufa kwa saratani hii walikuwa 45, sawa na watatu hivi katika kila 100, na tofauti baina ya kundi na kundi ilikuwa ndogo mno kusema njia moja iliokoa roho zaidi ya nyingine. Waliokufa kwa sababu zote pamoja walikuwa 356. Yaani wengi wao waliondoka na maradhi mengine kabisa, na mtu mwenye sukari na presha kama wewe asiache vidonge vyake hata siku moja kwa kuishughulikia tezi.

Kuna tofauti moja ambayo sitaki kuificha. Walioanza kwa kufuatiliwa, tisa hivi katika kila 100 saratani ilisambaa mwilini, wakati kwa waliopasuliwa au kupigwa mionzi walikuwa watano hivi. Na karibu watu wote wa utafiti ule walikuwa Wazungu; weusi walikuwa wachache sana. Sisi watu wa asili ya Kiafrika ugonjwa huu hutupata zaidi, kwa hiyo namba hizo nazichukua kwa tahadhari. Lakini jambo kubwa linabaki pale pale: usiichague njia kwa khofu ya kwamba nyingine zitakuua. Chagua kwa kutazama madhara yapi unaweza kuishi nayo, na hilo hakuna anayelijua zaidi yako, si kijana wako wa Muscat, si kaka yako, wala si mimi.

Sasa tuyaseme hayo madhara kwa majina yake. Katika utafiti ule ule, miezi sita baada ya kutolewa tezi, wanaume 46 katika kila 100 walikuwa wanavaa pedi kwa sababu ya mkojo. Baada ya miaka sita walibaki 17. Kwa waliopigwa mionzi, walikuwa 5 mwanzoni na 4 baada ya miaka sita. Kwa upande wa unyumba, kabla ya matibabu wanaume 67 katika 100 walikuwa na nguvu za kutosha. Miezi sita baadaye, waliopasuliwa walibaki 12, waliopigwa mionzi 22, wanaofuatiliwa 52. Ilipofika miaka sita: 17, 27 na 30. Itazame hiyo 30, Maalim. Miongoni mwa hao walikuwamo wengi ambao hawajaguswa, na bado umri wenyewe ulichukua sehemu yake. Sukari nayo huchukua. Kwa hiyo usije ukaitwika saratani lawama yote, na usimwamini mtu anayekuahidi kwamba utabaki kama ulivyo.

Mionzi nayo ina yake. Hukereketa kibofu, unakwenda haja mara kwa mara na inawaka. Kwa baadhi ya watu hukereketa pia njia ya choo kikubwa, na wachache huona damu hata baada ya mwaka au miwili. Nguvu za unyumba hupungua taratibu badala ya kukatika mara moja.

Hili la tahara nalipa nafasi yake, maana naona ndilo linalokuelemea hasa. Mvujo baada ya upasuaji mara nyingi si wa kumwagika kutwa kucha. Ni matone: ukikohoa, ukinyanyua ndoo, ukiinuka kutoka sijda. Kwa wengi hupungua mwezi baada ya mwezi. Kuna zoezi lake: kaza ile misuli unayoikaza ukiwa safuni na hutaki upepo ukutoke, hesabu mpaka tano, legeza, rudia mara kumi, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Lianze kabla ya kupasuliwa, usingoje mpaka utolewe mpira wa mkojo unaowekwa baada ya kupasuliwa. Na kama mvujo utabaki, basi dini haikumtupa mtu wa namna hiyo. Katika madhehebu yetu ya Shafii mwenye udhuru wa mkojo usiokatika husubiri wakati wa sala uingie, hujisafisha, huweka pedi safi, hutia udhu na kusali bila ya kuchelewa, udhu mmoja kwa faradhi moja. Sala yake ni sala. Habari ya kusalisha wengine, na ya matone yanayokuja na kukatika, kamuulize shekhe wako uso kwa uso. Wete haikosi mashekhe, na hutakuwa wa kwanza kuwauliza.

Sasa kuna jambo moja ndani ya barua yako ambalo umelipita haraka, na mimi naona lina uzito mkubwa katika uamuzi huu: mkojo unaotoka kwa kujikamua. Saratani changa ya tezi mara nyingi haina dalili yoyote. Huko kuamka usiku na kukamua yumkini ni tezi iliyovimba kwa umri, jambo la pili kabisa, lililokaa pamoja na saratani. Lakini mwenye njia iliyobanwa akipigwa mionzi, tezi inaweza kuvimba zaidi kwa muda na mkojo ukaziba kabisa, akaishia kuwekewa mpira. Upasuaji kwa mtu huyo huondoa yote mawili kwa mkupuo. Kwa hiyo kabla ya lolote omba upimwe kasi ya mkojo na kiasi kinachobaki kwenye kibofu baada ya kukojoa. Kipimo cha pili ni ultrasaundi tu, hakichukui hata robo saa.

Kisha umwone daktari wa mionzi. Mpasuaji amekueleza kisu kwa sababu ndiyo kazi yake na anaijua; mwenye mionzi atakueleza mionzi. Unahitaji kuwasikia wote wawili. Sisi wa Visiwani kwa mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, pale ufukweni, si mbali na boti inapofunga. Ni kwenda kila siku isipokuwa mwisho wa wiki, kwa wiki nne mpaka nane kulingana na mpango wao. Kila kipindi chenyewe ni dakika chache, ila lazima ulale kwenye mashine na kibofu kimejaa ili utumbo usogee usipate miale, kwa hiyo unakunywa maji na kuyazuia mpaka uitwe. Kwa mtu wa haja za haraka haraka hilo ni mtihani, mwambie daktari mapema. Na ikiangukia Ramadhani utakula siku hizo na kuzilipa. Tafuta jamaa wa kukaa kwake. Gharama inayowashinda wengi wetu ni kula na kulala Dar wiki zote hizo.

Huko kwa daktari wa mionzi uliza swali hili kwa maneno haya: "Kwa alama zangu, sindano ya homoni ni lazima?" Sindano hiyo hukata homoni ya kiume ambayo saratani hii huitegemea, na kwa saratani kali husaidia sana. Lakini kwa mtu wa upande wa nafuu mara nyingi mionzi peke yake inatosha, na sindano kwako ina bei: hupandisha sukari, huongeza unene, hudhoofisha mifupa, huleta joto la ghafla mwilini, na hamu ya unyumba huondoka kwa muda wote inapofanya kazi. Ujue pia kwamba aliyepasuliwa anaweza kupigwa mionzi baadaye ikibidi, lakini kumpasua aliyekwisha kupigwa mionzi ni kazi ngumu na madhara huzidi.

Kuhusu kufuatiliwa: ni njia halali, na daktari akikubali usiione kuwa ni uvivu. Katika utafiti ule, sita katika kila kumi wa kundi hilo walikuja kutibiwa ndani ya miaka 15, lakini karibu robo walikuwa hai bila ya kuguswa kabisa. Wasiwasi wangu ni bahari. Kufuatiliwa kunataka mtu asiyeruka kipimo, na wewe kila picha na kila kinyama ni kuvuka. Mwaka wa kwanza utakwenda. Wa tatu, msimu wa karafuu umepamba moto na hujisikii vibaya, utakwenda? Kama jibu lako la kweli ni hapana, iache njia hii.

Kaka yako anakupenda, na khofu yake haikutoka hewani. Lakini kisu hakitawanyi saratani ya tezi. Watu wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye mifupa, wanapasuliwa ili mkojo upite tu, wanakufa na ugonjwa uliokuwa umeshasambaa, na kisu ndicho kinachobeba jina. Sijui jirani yenu alikuwa na hali gani, ila usilinganishe maiti yake na karatasi yako bila ya kuona karatasi yake. Dawa ya miti sikushauri uinywe. Wewe una vidonge vya sukari na presha, na majani yaliyochemshwa yanaweza kuvichafua au kuumiza figo na ini. Mengine hufanya damu isigande, na hilo kwenye upasuaji ni hatari. Ukiwa umeshakunywa, mwambie daktari. Kombe, yaani maandishi ya Qur'ani yanayooshwa yakanywewa, na dua havina ugomvi na hospitali.

Na India? Kijana wako Mungu ambariki. Wapasuaji wazuri wako India, na wako pia Dar. Swali la kumuuliza mpasuaji popote alipo ni moja: kwa mwaka unatoa tezi za saratani ngapi? Anayefanya nyingi ndiye wa kumtafuta, na usibabaishwe na habari ya roboti, maana kwa mkojo na unyumba mkono uliozoea bila ya roboti hauko nyuma. Kitu cha kukumbuka ni kwamba ukirudi kutoka India una kovu, pengine na mpira, na PSA ya kupima miaka mingi. Nani hapa atakuangalia? Kama hakuna daktari wa huku aliyekubali mapema kukupokea, safari hiyo siipendi. Pesa ya kijana naona ingefaa zaidi kwanza kwa jambo dogo: vile vinyama vyako bado viko maabara, omba visomwe tena na mtaalamu mwengine. Tofauti ya 3+4 na 4+3 ni ya jicho la mtu, na uamuzi wako wote umesimama juu yake.

Mke wako mwambie, Maalim. Mwambie wiki hii, kabla hujavuka tena, na uende naye kwa daktari. Hayo ya unyumba unayoyaonea haya ni yake pia. Mmekaa miaka yote hiyo, na sasa unataka kumwamulia jambo la kitandani kwenu bila ya yeye kujua linaamuliwa. Wanawake wengi wa kwetu wakiambiwa ukweli huchagua mume aliye hai. Wasipoambiwa, mume akianza kujitenga hudhani kuna mke mwengine njiani. Akiwemo chumbani mwa daktari atauliza yale utakayoyasahau. Zipo pia dawa za kusaidia nguvu baada ya matibabu, na daktari ndiye wa kuzitoa kwa sababu ya presha yako. Usinunue vya kwenye chupa za mitaani.

Umeuliza ufanye nini. Kwa niliyoyasoma tu, vipimo vya mkojo vikionyesha njia haijabanwa sana, ningeelemea mionzi bila ya sindano, kwa kuwa mvujo ndio unaokutia simanzi kuliko yote. Vikionyesha kibofu hakimalizi mkojo, na moyo na sukari vikiwa vinaruhusu usingizi wa dawa, ningekubali kisu kwa mpasuaji mzoefu na ningeanza lile zoezi kesho asubuhi. Daktari aliyekushika mkono na kuona picha zako akisema vyengine kwa sababu anazokueleza, mfuate yeye.

Chukua nakala ya kila karatasi na CD ya MRI, zikae nyumbani kwako, usiziachie hospitali zote. Na kaka yako mpeleke akapime PSA. Ndugu wa mtu mwenye saratani hii hatari yake ni kama mara mbili ya mtu mwengine, na vijana wako nao wakifika miaka 45 waanze kupima.